Vali Imetengenezwa, Ugonjwa Haujaondoka

*Sista, mimi ni mfanyabiashara wa nyama ya mbuzi hapa Kiamaiko, Nairobi, umri wangu miaka 34. Mke wangu ana miaka 27 na tuna binti mmoja wa miaka mitano. Alipojifungua alikaribia kufa, na hapo ndipo tulipoambiwa kuwa vali yake ya moyo iliharibika tangu utotoni. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa. Tulichanga, ndugu zake huko Marsabit wakauza mifugo, mimi nikauza kibanda kimoja kati ya viwili nilivyokuwa navyo. Madaktari walisema hawakubadilisha vali, wameitengeneza na kuizungushia pete. Alipona, akarudi kuuza chai.*

*Alikuwa akidungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Mwaka jana alizirai baada ya kudungwa, nikamwambia inatosha, moyo umeshatengenezwa, usije ukauawa na sindano. Sasa ni miezi tisa. Siku hizi pumzi inamkatika, analala kwa mito mitatu, miguu inavimba. Usiku anatoka jasho na kupata homa. Nilimnunulia antibiotiki kwenye duka la dawa, akapata nafuu, kisha homa ikarudi. Tumefanya eko, ile picha ya moyo, na imeonekana vali inavuja sana. Daktari amesema huenda apasuliwe tena, awekwe vali ya chuma na anywe dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Tunarudi mwezi ujao. Habari ya sindano sikumwambia daktari, niliona aibu.*

*Jirani ananiambia dawa hiyo ni sumu ya panya. Mama yangu anasema ni jicho na kwamba pesa zilitupwa. Shemeji zangu wanauliza hospitali ilimwekea nini mle ndani. Na juzi nimegundua mke wangu ametolewa kijiti cha kupanga uzazi mkononi bila kuniambia. Anataka mtoto wa pili. Sista, je, ni mimi niliyemharibia moyo? Na tukubali kisu cha pili?*

*Baba wa Mtoto Mmoja, Kiamaiko*

Baba wa Mtoto Mmoja, pole wewe, na pole zaidi mama watoto.

Maswali yako nitayajibu, lakini si kwa mpangilio uliotumia kuyauliza. Umeandika mengi kuhusu pesa, mama yako na shemeji zako, na katikati ya hayo umepitisha kwa haraka jambo moja lililonishtua kuliko yote: homa ya usiku iliyotulia kwa antibiotiki ya dukani kisha ikarudi. Mtu mwenye vali iliyoshonwa na kuwekewa pete akipata homa ya namna hiyo, hangoji mwezi ujao. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Sababu ni hii. Vijidudu huingia kwenye damu ya kila mtu, kupitia jino bovu, jipu au kidonda. Kwa wengi wetu mwili huvimaliza kabla hatujajua. Kwa mtu mwenye vali yenye makovu, au mwenye kitu kigeni kama pete ndani ya moyo, vijidudu hupata mahali pa kushika. Vikishika huzaana hapo, huila vali na kuitoboa, na vipande vyao vinaweza kumeguka na kusafiri hadi kwenye ubongo, figo au wengu. Vali iliyokuwa ikivuja kidogo huanza kuvuja sana kwa muda mfupi. Kwa hiyo huenda kuvuja kulikoonekana kwenye eko kunatokana na maambukizi haya, na eko ya kawaida inayopigwa juu ya kifua inaweza isiyaone.

Ugonjwa huu hugunduliwa kwa kutoa damu mara kadhaa, sehemu tofauti za mwili, na kuiotesha maabara ili kijidudu kiote na kijulikane jina. Antibiotiki za dukani huharibu kipimo hicho. Vidonge vya siku tano haviwezi kuua vijidudu vilivyojificha kwenye vali, ila vinaweza kuvilegeza kiasi cha kutoota maabara, na daktari akaambiwa damu ni safi wakati moto unawaka ndani. Tiba yake hupitia mshipani, hospitalini, kwa wiki nne hadi sita, na pengine zaidi. Kwa hiyo usimnunulie dozi nyingine. Chukua pakiti ya zile alizomeza, hata kama ni tupu, uende nayo. Nairobi kila homa huitwa taifodi, na jasho la usiku huitwa kifua kikuu. Huenda ikawa mojawapo, na watapima. Lakini wewe ukifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe hii: "Mke wangu alitengenezwa vali ya moyo na ana homa." Usianze na miguu kuvimba. Anza na hiyo.

Kama hospitali iliyompasua inafikika, nendeni huko, maana faili lake liko huko. Kama haifikiki, kutoka Kiamaiko mna hospitali ya Mama Lucy kule Umoja, na mna Kenyatta. Akipinda uso, mkono ukalegea upande mmoja, au maneno yakamgomea mdomoni, hapo hamtafuti tena gari la bei nafuu.

Jambo la pili la siku hiyo hiyo ni kipimo cha mimba. Kijiti kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Huenda tayari ni mjamzito bila kujua, na baadhi ya dawa wanazopewa wagonjwa wa moyo, enalaprili kwa mfano, humdhuru mtoto tumboni. Daktari akijua mapema atachagua dawa nyingine. Na kama kipimo kinaonyesha mimba, msifiche kwa kuogopa kugombezwa. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na damu yote hiyo hupita kwenye vali ileile inayovuja. Hilo ndilo lililomwangusha miaka mitano iliyopita.

Sasa turudi kwenye swali lako.

Wewe unashika mbuzi kila siku, kwa hiyo nitakueleza kwa kitu unachokijua. Chukua moyo mmoja wa mbuzi, uupasue upande wa kushoto, ule wenye nyama nene. Ndani utaona ngozi mbili nyembamba, laini, zilizofungwa kwa nyuzi nyeupe hadi kwenye nyama ya moyo. Hiyo ndiyo vali ambayo madaktari huiita mitrali, na ya mke wako ina umbo hilohilo. Kazi yake ni kufunguka damu ipite na kufunga isirudi nyuma. Ya mbuzi wako ni nyembamba kiasi cha kuona mwanga. Ya mtu aliyeugua homa ya baridi yabisi utotoni huwa nene kama ukucha, kingo zimegandana, nyuzi zimefupika na kushikana. Haifunguki vizuri, haifungi vizuri.

Homa hiyo, ambayo hospitalini mtaisikia ikiitwa rumatiki, huanzia kooni. Mtoto anapata maumivu ya koo ya bakteria wanaoitwa streptokoki, hatibiwi au anatibiwa nusu, na baada ya wiki mbili tatu kinga ya mwili wake iliyokuwa ikipigana na vijidudu inaugeukia mwili wenyewe. Viungo huvimba na kupona. Moyo haufuti kumbukumbu. Kila akiambukizwa koo tena, shambulio linaweza kurudi na kuongeza kovu juu ya kovu. Huu ni ugonjwa wa watu kulala wengi chumba kimoja. Ulaya na Marekani uliwahi kujaza wodi za watoto, kisha ukapungua sana nyumba zilipokuwa bora na penisilini ilipopatikana. Kwetu haujaondoka. Mwaka 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kupambana nao, jambo ambalo lingefaa kufanywa zamani sana.

Daktari wa upasuaji alipofungua moyo wa mke wako alitenganisha kingo zilizogandana, akarekebisha nyuzi, akashona, kisha akazungushia pete ili vali isipanuke tena. Pete za namna hiyo zilianza na Mfaransa Alain Carpentier mwishoni mwa miaka ya 1960, na ni kazi ya heshima duniani kote. Waambie shemeji zako kwamba hakuna vali nyingine iliyowekwa mle. Vali ni yake mwenyewe, aliyozaliwa nayo. Na daktari alikuwa na sababu ya kuitengeneza badala ya kuibadilisha: mwanamke wa miaka 25, mwenye hamu ya watoto, anaepushwa na dawa ya kuzuia damu kuganda kwa kadiri inavyowezekana. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyemfikiria.

Ila ngozi iliyoshonwa ni ileile yenye ugonjwa. Hapa ndipo mlipoteleza, na si ninyi peke yenu. Mtu akitoka hospitali na mshono kutoka shingoni hadi chini ya kifua, amelipa kiasi kile, ni rahisi kuamini kwamba ugonjwa ulikatwa ukatupwa. Haukukatwa. Kisu kilirekebisha uharibifu. Kinachozuia uharibifu mpya ni ile sindano ya wiki nne, ambayo bei yake haifiki hata ya kilo moja ya nyama yako, na labda ndiyo maana watu huidharau. Madaktari wa Uganda na wenzao waliijaribu kwa watoto 818 kule Gulu waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huu. Baada ya miaka miwili, waliodungwa ambao ugonjwa wao uliendelea walikuwa 0.8 kwa mia, wasiodungwa, 8.2 kwa mia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Hao walikuwa watoto wenye vali ambazo bado hazijaharibika sana. Vali iliyokwisha kushonwa ina nafasi ndogo zaidi ya kuvumilia shambulio jipya.

Je, ni wewe uliyeiharibu? Nitakwambia ninavyoona bila kukupaka mafuta. Kukatiza sindano kwa miezi tisa kulikuwa kosa, na huenda kumechangia. Lakini vali ya rumatiki iliyotengenezwa inaweza kuvuja tena hata kwa mgonjwa ambaye hakukosa sindano moja: uzi unaachia, pete inalegea, kovu la zamani linaendelea kukunjamana lenyewe, au vijidudu vinaingia kama nilivyoeleza. Vali zinazozeeka tu kwa watu wa nchi tajiri hutengenezwa na kudumu miaka mingi. Hizi zetu hazina bahati hiyo. Kwa hiyo usijibebeshe yote, wala usijivue yote.

Hatia yako ina matumizi yake, nayo ni kuitamka mbele ya daktari. Hilo la aibu ndilo limenikasirisha kidogo. Daktari anayeamini kwamba sindano zilidungwa zote atafikiri njia moja. Anayejua zilikatizwa miezi tisa atauliza kama kuna shambulio jipya la rumatiki linaloendelea hivi sasa. Atapima damu kuona kama mwili umevimba ndani. Jibu hilo linabadilisha mambo, kwa sababu kumpasua mtu wakati moyo wake bado unawaka ni hatari zaidi, na vali inayotengenezwa wakati huo huharibika upesi. Ukinyamaza ili usionekane mume mbaya, unaweza kumpeleka mke wako mezani kwa wakati usiofaa.

Na kule kuzirai? Uliogopa, na hofu yako haikuwa ya kijinga. Inategemea alizirai vipi. Kama mwili uliwasha, ukatoka mabaka, midomo ikavimba au kifua kikapiga filimbi, hiyo inaweza kuwa mzio wa penisilini, na kuna dawa nyingine. Kama alikuwa amesimama au amekaa, hajala, akaogopa, sindano ikauma, akaanguka kisha akarejewa na fahamu alipolazwa, huo kwa kawaida si mzio. Ni mapigo na presha kushuka ghafla. Mtu mwenye moyo imara huamka akacheka. Mwenye vali mbovu sana anaweza kupata madhara makubwa, na ndiyo sababu mwaka 2022 chama cha moyo cha Marekani kilishauri kwamba wagonjwa wa rumatiki wenye vali zilizoharibika vibaya na dalili nzito wafikiriwe kupewa vidonge vya penisilini vya kila siku, asubuhi na jioni, badala ya sindano.

Kwa hiyo mke wako asirudishwe tu kwenye foleni ya sindano wiki ijayo kana kwamba hakuna kilichotokea. Muulizeni daktari wa moyo: kwa hali yake ya sasa, sindano au vidonge? Akisema sindano, adungwe amelala, akiwa amekula na kunywa maji, dawa isiwe ya baridi kutoka friji, na muuguzi aulizwe kama anaweza kuichanganya na lignokeni ya kupunguza maumivu. Akisema vidonge, jua kwamba vidonge vinavyosahaulika havilindi mtu, na kuvisahau ni rahisi. Kwa umri wake, na kwa kuwa vali iliguswa, kinga hii huendelea angalau hadi miaka 40, na wengine huambiwa maisha yote. Hata akiwekewa vali mpya.

Kisu cha pili, basi. Kwanza hakikisheni mmeelezwa kama kutengeneza tena kunawezekana. Wakati mwingine inawezekana, mara nyingi kwa vali za namna hii haiwezekani. Kisha kuna njia mbili. Vali ya chuma inadumu miaka mingi sana, pengine maisha yake yote, lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo dawa ya kuzuia kuganda hainyweki kwa kubahatisha. Vali ya tishu ya mnyama haidai dawa hiyo maisha yote, ila kwa kijana huchakaa, pengine ndani ya miaka kumi hivi au hata mapema, na kisu cha tatu hufuata. Najua familia za Kiamaiko, najua swali litakalofuata: je, ni ya nguruwe? Ndiyo, baadhi ya vali za tishu hutokana na nguruwe, na nyingine hutokana na utando wa moyo wa ng'ombe. Semeni mapema mnayoitaka, msisubiri siku ya kusaini fomu. Na mkiambiwa iliyopo ni moja tu, muoneni sheikh wenu na swali kamili la kitabibu mkononi. Masheikh wengi hulitazama suala la dharura kwa upana kuliko majirani.

Kuhusu sumu ya panya, jirani yako hajasema uongo, amesema nusu. Warfarini ilitokana na uchunguzi uliofanywa Wisconsin, Marekani, juu ya ng'ombe waliokuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula malisho yaliyooza, na mwaka 1948 iliuzwa kweli kama dawa ya panya. Kuanzia 1954 ikatumika kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipopatwa na mshtuko wa moyo akapewa hiyo hiyo. Panya hufa kwa kuila bila kipimo. Mgonjwa hupimwa damu, kipimo kinaitwa INR, na kwa vali ya chuma ya mitrali namba inayotafutwa kwa kawaida ni kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini, damu inaganda kwenye vali na kiharusi kinanyemelea. Ikipanda, anavuja fizi, anatokwa michubuko, na kichwa kikigonga ukuta ni jambo la hospitali. Mwanzoni hupimwa mara nyingi, baadaye mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo.

Usisikilize atakayekuuzia vidonge vipya "visivyohitaji kupima". Vipo, na ni vizuri kwa magonjwa mengine, lakini kimoja kilipojaribiwa kwa watu wenye vali za chuma, utafiti ulisimamishwa na matokeo kutangazwa mwaka 2013, kwa sababu waliokitumia walipata viharusi na kuvuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Sukuma wiki ale, ila kiasi kisibadilike ghafla. Leo sahani tatu na wiki nzima bila ni kumvuruga anayepanga dozi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la kwenye kona huzitoa kama peremende, zisimkaribie, si baada ya upasuaji wala sasa, kwa sababu hivi sasa zinamwongezea maji mwilini. Dawa za miti shamba hali kadhalika. Na supu ya Kiamaiko, nisamehe, ina chumvi ambayo miguu yake haiihitaji.

Mimi nikiwa mahali penu ningeuliza swali moja kabla ya kuchagua chuma: ni nani atakayempima INR, wapi, kwa nauli ya nani, kila mwezi, miaka thelathini? Mkiwa na jibu la kweli, chuma ni chaguo zuri. Mkiwa na jibu la "tutaona", mwambieni daktari hivyo hivyo, kwa sababu miezi tisa imekwisha kuonyesha kwenu "tutaona" inaishia wapi.

Mtoto wa pili anaingia hapa hapa, maana hamuwezi kuchagua vali bila kulizungumza. Warfarini inaweza kumharibu mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kuiacha kunamweka mama kwenye hatari ya vali kuziba. Kuna njia ya kupita, ya kubadilisha dawa kwa sindano za heparini kwa nyakati fulani chini ya madaktari wa moyo na wa uzazi wakiwa pamoja, lakini ni njia nyembamba na ya gharama. Baadhi ya wanawake huchagua vali ya tishu kwa sababu hii, wakijua watarudi kupasuliwa. Kwa hiyo mtoto wa pili si ndoto iliyokufa. Kwa sasa, na vali hii inayovuja, jibu ni hapana. Wakati mnasubiri, kijiti kirudi au koili iwekwe. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni haviwafai wenye moyo wa namna hii, vinaongeza kuganda kwa damu.

Umekasirika kwamba alitoa kijiti bila kukuambia. Wewe ulisimamisha sindano zake. Kila mmoja wenu ameamua peke yake juu ya moyo uleule. Na tazama ulivyojiita mwishoni mwa barua. Ungeweza kuandika Muuza Nyama, ungeweza kuandika Mume Mwenye Wasiwasi. Umeandika Baba wa Mtoto Mmoja. Kama mimi niliye mbali nimelisikia hilo, yeye analisikia kila siku, kutoka kwako na pengine kutoka kwa mama yako.

Mama yako usibishane naye juu ya jicho. Mwambie akusomee dua, na wakati huo huo gari liko nje. Pesa hazikutupwa, zilimnunulia mkwewe miaka miwili na kumlelea mjukuu. Kwa pesa zinazokuja, hakikisha leo kwamba michango yenu ya bima ya afya ya SHA imelipwa, kwa kuwa tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na asiyelipa huambiwa hivyo akiwa dirishani. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuita harambee. Uliza pia kuhusu Tenwek kule Bomet, hospitali ya misheni ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipasua vali za rumatiki za vijana kama mke wako. Na popote mtakapokwenda, itisheni nakala ya ripoti ya upasuaji wa kwanza, iliyoandikwa aina ya pete na ukubwa wake. Ni haki yenu, na daktari wa pili ataihitaji kabla ya kugusa kisu.

Binti yenu akilalamika koo, apelekwe kituo cha afya cha Mathare North au zahanati iliyo karibu, aangaliwe, na akipewa dawa azimalize zote.

Neno la mwisho ni la mama watoto. Barua nzima inahusu kifua chake, pumzi yake na tumbo lake, na sikusikia neno lake hata moja. Aniandikie. Asipotaka kuniandikia mimi, mkifika kwa daktari mwache aeleze mwenyewe, na wewe unyamaze mpaka amalize.